Maswali mnayotuuliza sana: mazungumzo ya historia ya Mombasa pale makumbusho

Kila tukiweka tangazo simu zinajaa maswali na mengi ni yale yale, kwa hivo tumekaa tukayaandika hapa na majibu yake, hata mtu akitaka kujua saa sita usiku apate pa kusoma. Sisi ni watu wa kujitolea, kuna walimu, kuna waongoza watalii, kuna fundi seremala mmoja, na mimi nnaeandika hapa ndio yule mnaenikuta mlangoni. Swali lako kama halipo niulize hapo hapo.

Hayo mazungumzo yenyewe ni kitu gani?

Mtu alofanya utafiti ama kazi juu ya jambo fulani la mji huu anazungumza kama dakika arubaini, tunaonyesha picha za kale kwa projekta, kisha uwanja unakuwa wa watu. Hio sehemu ya pili ndio mimi huwa naingoja. Siku moja tuliweka picha ya lile daraja la zamani la Nyali, lile lilokuwa likielea juu ya matangi tangu 1931, kabla hili la saruji kufunguliwa 1980. Msemaji alikuwa ashamaliza habari zake anataka kuenda picha ingine, bibi mmoja amekaa nyuma akasema ngoja kwanza baba, irudishe. Akasimama na leso yake mabegani akaanza kutueleza kwamba maji ya bamvua yakitoka, mteremko wa kushukia darajani unakuwa mkali mpaka mwenye mkokoteni anatafuta wa kumshikia nyuma, na kwamba daraja likilipiwa kwa hivo wao wakiwa wasichana walikuwa wanahesabu senti kabla ya kutoka nyumbani, na wakipita mbao zinalia chini ya miguu. Ukumbi mzima kimya. Mambo hayo hakuna faili lilokuwa nayo, alikuwa nayo yeye.

Ni mihadhara ya dini?

Hapana, ingawa tunaelewa kwa nini mnauliza, Mombasa ukisema mhadhara mtu anafikiria sheikh na spika. Ndio manake siku hizi tunaandika "mazungumzo". Misikiti itatajwa sana, manake huwezi kuzungumzia Mji wa Kale ukaruka msikiti wa Mandhry ama wa Basheikh, lakini kanisa litatajwa pia na mahekalu pia. Kila mtu anakaribishwa.

Lazima niwe nimesoma historia?

Hata kidogo. Uje na masikio.

Mnasema "urithi uliopotea". Umepotea vipi na Ngome (Fort Jesus) si ile pale?

Swali zuri na ndilo linaloulizwa na vijana zaidi. Ngome ipo alhamdulillahi, Wareno waliianza 1593, Cairati Mtaliana ndie alochora ramani yake, ikawa jela toka 1895 mpaka 1958, ikafunguliwa makumbusho 1962, na 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hio ina walinzi na ina tiketi. Lakini mji haukuwa Ngome peke yake. Mji ni nyumba, na nyumba ya Mji wa Kale ina daka la kupumzikia kabla hujaingia, ina sabule ya wageni, ina zidaka ukutani za kuwekea visahani na msahafu, ina boriti za mikoko juu, na vitu hivyo vinaondoka kimoja kimoja bila kelele.

Mimi nilishuhudia mlango ukiondoka. Nilikuwa natoka madrasa, bado mdogo, nikakuta mafundi wawili pale kichochoroni kwetu Kibokoni wanang'oa mlango wa nakshi wa jirani. Walianza na kizingiti cha juu kilokuwa na maandishi na mwaka wa Hijria, wakakilaza chini juu ya gunia, kisha mfaa wa katikati ukatoka na misumari yake minene, kisha mabawa yote mawili. Dalali amesimama pembeni anahesabu pesa. Jirani mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mgonjwa ndani na mlango ndio kitu pekee cha bei alichokuwa nacho, nani angemlaumu. Jioni yake pakawekwa mlango wa chuma wa kijani. Yale maandishi hatukuyasoma, hakuna alopiga picha, na mpaka leo sijui yalisema nini. Nikiulizwa kwa nini najitolea kwa mambo haya jibu langu ni ule mlango.

Kwa hivo uliopotea ni ulosahauliwa, ulouzwa, ulobomolewa, na ule ulopo lakini hakuna ajuae jina lake.

Mombasa ilianza na Wareno?

La! Na tafadhali tuache kuwafundisha watoto hivo. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498 alikuta mji wenye mawe na misikiti na majahazi ya watu wa kila upande. Miaka mia na sitini na zaidi kabla yake, 1331, Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alilala hapa usiku mmoja akaandika alichokiona: ndizi na malimau, watu wanaokula samaki na ndizi, nafaka inaletwa kutoka nje ya kisiwa, misikiti ya mbao ilojengwa vizuri sana, na kwenye milango ya misikiti kuna visima vya watu kuosha miguu kabla ya kuingia. Kwa hivo watoto wa Mombasa walokuwa wakisuguliwa miguu na mama zao kabla ya swala wako kwenye maandishi toka wakati huo.

Na wazee wanatupa habari za Mwana Mkisi, malkia wa kale, kisha Shehe Mvita, na baadae Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili, tisa upande mmoja na matatu upande wa pili, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba pale upande wa hospitali kuu ya Pwani miaka ya 1970 walikuta mabaki ya mji wa zamani sana, mamia ya miaka kabla ya Mreno kuijua njia ya kuja huku. Watu wanaenda pale kila siku kumuona mgonjwa na chini ya miguu yao kuna mji, na hicho kitu mimi kila nikipita kinanishika.

Jina Mvita, lile la zamani la Mombasa, limetokana na vita ama na Shehe Mvita?

Wako wanaosema hivi na wako wanaosema vile na kila upande una watu wake hodari. Njooni mbishane, mtapewa maiki kwa zamu. Tunaomba jambo moja tu, ukisema kitu sema umekipata kwa nani: babangu, mwalimu fulani, kitabu, ama ni maoni yako. Mambo ya "watu wanasema" yametuchosha.

Ni kweli kulikuwa na gari za kusukumwa kwa mikono juu ya reli hapa mjini?

Kweli kabisa, na watu hawaamini mpaka waone picha. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na reli nyembamba zimepita barabarani, kutoka huku upande wa Ngome mpaka Kilindini, na juu yake vigari vidogo vina kiti na turubai la kukinga jua. Abiria anakaa, wanaume wanasukuma kwa nyuma, kwenye mteremko wanadandia. Wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa na vya kwao binafsi. Motokaa zilipozidi miaka ya 1920 reli zikang'olewa. Ukiitizama picha kwa makini utaona abiria wa kizungu na kofia zao wameandikwa majina chini, walosukuma hawakuandikwa. Tunatafuta familia yoyote ambayo babu yao alisukuma gari zile, kama ni nyinyi ama mnawajua tafadhali sana tuambieni.

Na ile meli ilozama mbele ya Ngome?

Santo António de Tanná, meli ya Wareno. Waomani walikuwa wameizingira Ngome tangu Machi 1696, watu ndani wanakufa kwa maradhi na njaa, meli ikaja kuokoa, ikazama hapo mbele 1697, na Ngome yenyewe ikaanguka Desemba 1698. Kuanzia 1977 wazamiaji wa kiakiolojia waliifanyia kazi misimu kadhaa, wakatoa vitu vingi na baadhi mnaviona makumbusho. Ubavu wenyewe wa meli haukutolewa, uko chini ya mchanga mpaka leo. Mbao ilokaa majini miaka mia tatu ukiitoa ikauke bila dawa inapasuka yote, kwa hivo kuiacha pale ilikuwa uamuzi wa busara kwa maoni yangu, ingawa watoto wa shule huwa hawakubaliani nami.

Handaki la siri la kupitisha watumwa chini ya mji lipo?

Ndani ya Ngome kuna njia ilochongwa kwenye mwamba kuelekea baharini, hio mtaiona kwa macho yenu. Njia ya kwenda mbali chini ya mji sijawahi kuonyeshwa na mtu. Habari za utumwa hazihitaji handaki, zipo juu ya ardhi wazi, nenda Kengeleni. Ile kengele ndio ya Frere Town, kijiji cha watu walokombolewa kutoka majahazi ya watumwa miaka ya 1870, na ilikuwa ikigongwa kutahadharisha watu. Vizazi vyao wapo, wana majina, wana makaburi, wana hadithi za bibi zao. Matatu zinapita hapo na kondakta anaita "Kengeleni Kengeleni" asubuhi mpaka usiku na abiria wengi hawajawahi kuitizama kengele.

Kwa nini mnapoteza wakati na majina ya barabara?

Kwa sababu jina ni ushahidi. Chukua Ndia Kuu: mgeni anafikiri imekosewa, wakati ni Kimvita safi, Kiswahili cha hapa Mombasa, ndia ndio njia. Mtu akija "kuirekebisha" kwenye ramani iwe Njia Kuu ashafuta lugha ya watu walopaita hivo. Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, alokuwa Liwali wa Pwani, zamani iliitwa Vasco da Gama. Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road, na zile Pembe kubwa za ndovu juu yake ziliwekwa 1952 kwa ajili ya ugeni wa Elizabeth kutoka Uingereza. Digo Road ilikuwa Salim Road. Sasa ukipata barua ya babu imeandikwa duka liko Salim Road utaitafuta wapi usipojua? Watu wamekosa hata kesi za urithi kwa mambo kama haya.

Halafu kuna majina yasiyo kwenye kibao chochote, ya vichochoro, ya visima, ya miembe ilokatwa, ya hoteli ya chai ilofungwa lakini kituo bado kinaitwa kwa jina lake. Hayo ndo yanakufa haraka zaidi.

Mnazungumza lugha gani?

Kiswahili. Msemaji akiwa mgeni tunatafsiri. Wazee wakizungumza Kimvita tunawaacha wazungumze kama walivyozaliwa, usimkatize mtu kumwambia "sanifu ni hivi". Lugha yenyewe ni makumbusho, meza na leso tulizichukua kwa Wareno, na gereza asili yake ni neno lao la kanisa. Hapa Mombasa tunasema leso, kule wengine khanga, na hilo pia lina habari yake.

Mimi si mtu wa Mji wa Kale. Wazazi wangu walitoka bara ama Rabai ama Kilifi. Hayo yananihusu?

Yanakuhusu na nafasi yako ipo. Wenye fikra kwamba historia ya Mombasa ni ya vichochoro vinne na familia kumi wametukosesha mengi sana. Bandari ilijengwa na mikono ya watu kutoka kila pembe, reli ilianzia hapa 1896, Majengo ina historia, Tononoka ina historia, Changamwe ina historia.

Na ndugu zetu Wamijikenda nao wameporwa waziwazi. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake walofariki. Kwa wasiojua, kigango ni ubao wa kuchongwa unaosimamishwa kwa ajili ya roho ya marehemu na ukishasimamishwa hauhamishwi. Muda mfupi baadae vikaibiwa. Miaka ikapita, yule mtafiti yuko mkutanoni Marekani, mtu anaonyesha picha za mkusanyo wa makumbusho, akakitambua kimoja kwa sababu alikuwa na ile picha. Cha pili nacho kikapatikana huko huko, kwenye makumbusho ya chuo kikuu. Vikarudi nyumbani 2007. Mzee mwenyewe alikuwa ashafariki. Tunaieleza habari hii karibu kila mara kwa sababu inaonyesha kazi ya picha moja. Bila ile picha hakuna ushahidi na bila ushahidi hakuna wa kukurudishia.

Nina picha na hati za marehemu babu. Nikizileta mtazichukua?

Hatuchukui! Hili tunalisema kwa herufi kubwa kila siku manake kuna watu walikuja zamani, wakaazima albamu za watu "kwa utafiti" na hazikurudi, na wazee hawajasahau wala hawatakiwi kusahau. Utaratibu wetu ni huu: unakaa na picha yako, tunaiskani mbele yako, tunakuuliza nani huyu na ni wapi na mwaka gani, tunaandika, unaondoka na picha yako na nakala ya maandishi. Picha ya harusi unaweza kusema isionyeshwe hadharani, sisi tunaheshimu, mama wengi hawataki na ni haki yao.

Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, inapenya. Tumia penseli. Na usizibandike kwenye karatasi za nailoni zinazogandana na joto letu hili, utakuja kuzibandua ziache uso wa mtu kwenye plastiki.

Nyumba yetu ni ya zamani. Nikija mtanizuia nisijenge?

Sisi hatuna uwezo wa kumzuia mtu. Sheria ndio ipo, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kwa hivo kabla ya kubomoa ama kubadilisha unatakiwa upate ruhusa. Najua watu wanaikimbia ofisi ya uhifadhi wakidhani ni polisi, lakini wengi walokwenda mapema wamesaidiwa hata kwa ushauri wa bure, walokwenda baada ya kubomoa ndo walopata taabu.

Jambo moja la ufundi nawaomba mlishike hata kama hamtokuja kamwe. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inapumua. Fundi akikupigia saruji juu yake kwa sababu ni haraka, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, mwaka wa kwanza nyumba inapendeza, wa pili plasta inavimba, wa tatu inaanguka mapande mapande na boriti zinaoza pale zilipoingia ukutani. Halafu watu wanasema nyumba za zamani ni mbovu. Nyumba imekaa karne mbili bila shida, shida ilianza siku ya saruji. Fundi wetu seremala anawajua mafundi wa chokaa walobaki, si wengi, njoo akuunganishe nao.

Naweza kuja na watoto?

Njoo nao. Wakilia toka nao nje kidogo kwenye upepo, kisha rudi.

Kurekodi inaruhusiwa?

Msemaji mkuu ndio, wale wa ukumbini waulize kwanza. Mzee anaweza kusema jambo la familia yake kwa sababu ameona nyuso anazozijua, hakukusudia liende laivu kwa watu elfu. Tuliwahi kuumia kwa hilo, kipande kikakatwa kikasambazwa, mzee akaacha kuja. Nilimfata nyumbani mara mbili kumuomba radhi na hajarudi.

Kiingilio ni pesa ngapi, na muda?

Mazungumzo ni bure. Tunaanza baada ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi. Tuktuk zote zinapajua makumbusho. Kahawa ipo, na kaimati zikipatikana.

Mzee wangu hawezi kutoka, ama mimi niko Nairobi, ama Ughaibuni. Nifanyeje?

Fanya wewe mwenyewe na simu yako. Usimwambie "nipe historia", atakwambia hana. Mwambie tuanze mlango wa msikiti tuende mpaka kisimani, nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani? Ya pili? Nani alikuwa akipika mkate wa sinia pale? Mti gani ulikuwa pale kwenye fleti? Atafunga macho na atatembea, wallahi utaona vidole vyake vinaonyesha kona. Mwache atembee, akinyamaza nawe nyamaza, usimharakishe. Weka simu karibu na mdomo wake mbali na feni, manake sauti nyingi mnazotuletea tunasikia feni tu. Mwanzo kabisa taja tarehe, jina lake kamili na mtaa. Kisha nitumie hata vipande vipande, kuna dada yetu mmoja anakaa kila Jumapili kuyaandika yote, na akikwama kwenye jina atakupigia.